Nukta Moja Katika Ramani ya Vinondo

Jumatatu, 2 Juni

Mvua ya rasharasha. Vinondo (nondo wadogo kabisa) kumi na mmoja tu kwenye mtego wa taa. Wanane wa kawaida, wawili siwajui, mmoja alipanda ukingo wa kichupa akaenda zake.

Barua ya Hedley Thirkettle imefika kabla ya chai. Hedley ni mrekodi wa nondo wa kaunti yetu. Asilolikubali yeye halikuonekana, hata kama limekutua puani. Anasema marehemu Bi Ottoline Speight ameusia chama chetu kinunuliwe kitabu cha kutambulia vinondo. Kimoja tu. Kitakaa kwenye rafu ya ukumbi wa kijiji, na kwa kanuni ya chama kitabu cha rafuni ndicho mizani: rekodi zote, mpya na za zamani, zitapimwa upya kwa hicho. Kamati ya kuchagua ina watu watatu: yeye, Winifred Pask na mimi.

Vitabu vinavyoshindana ni viwili. Cha kwanza tunakiita cha Kasisi. Juzuu nne, kazi ya kasisi mmoja wa zamani aliyekuwa na waumini wachache na muda mwingi. Michoro mizuri ajabu. Kila kinondo amechomwa pini na mbawa zimetandazwa. Cha pili ni kipya, juzuu moja, picha za vinondo wakiwa hai, wametua kama wanavyotua. Na pembeni ya kila kinondo anayefanana mno na mwenzake kimechorwa kisu kidogo. Maana yake: huyu usimtaje kwa macho. Mpasue kwanza, uangalie sehemu zake za siri kwa hadubini.

Nimefungua ukurasa wa kinondo wangu. Kisu!

Jumanne, 3 Juni

Usingizi wa mang'amung'amu. Niandike jambo lenyewe lilivyo, nisijidanganye.

Tarehe 14 Julai 1998 Doreen, mke wangu, alikuwa anaanua nguo. Akaniita. Juu ya shuka palikuwa na kinondo wa matete, milimita tano, mstari wa fedha ubawani; sisi humwita kinondo wa fedha. Nilimtambua kwa kitabu cha Kasisi, juzuu ya tatu, nikamhifadhi kwa pini kabatini. Mrekodi wa wakati ule akakubali. Tangu hapo hakuna aliyemwona tena kaunti nzima. Ramani yake, kwa upande wetu huu, ina nukta moja. Yangu.

Miaka thelathini na moja niliichorea bodi ya mifereji ramani zake. Kila mtaro, kila lango la maji. Hakuna hata moja yenye jina langu. Nilikozaliwa nondo walizunguka kandili na hakuna aliyewauliza majina, na sasa nyumba ile haipo, wala kandili. Huku kuna nukta. Chini yake: N. Khelef, bustanini kwake. Doreen alikuwa akisema "nukta yetu", kama mtu anavyosema shamba letu. Ni mwaka wa kumi na nne huu tangu afariki.

Kikichaguliwa kitabu kipya, nukta inafutwa. Kwa hiyo cha Kasisi lazima kishinde. Haki haihusiki hapa.

Winifred amepiga simu. Ana miaka themanini na moja na sauti ya mtu anayeita ng'ombe. Anasema yeye ni wa kitabu kipya, tena bila kusita. Nikamwuliza ana ubaya gani na Kasisi. Akasema Nas, mpenzi wangu, Kasisi kawachora vinondo kama nguo zilizopigwa pasi, na mimi sijawahi kuona kinondo aliyepigwa pasi.

Nikakata simu kwa adabu.

Alhamisi, 5 Juni

Kikao cha kwanza, sebuleni kwa Hedley. Biskuti zile zile za mwaka jana, nadhani. Hedley alikuwa daktari wa meno. Bado ana kiti chake cha kazi, na vinondo huwapasulia hapo hapo kwenye meza ya vyombo.

Nilihutubia kwa dakika ishirini juu ya heshima ya michoro. Winifred alifuma soksi. Nilipomaliza akauliza kama nimemaliza, maana kisigino kinakaribia.

Hedley hapendi hotuba. Ameamua kuwe na shindano. Jumamosi ya tarehe 14, saa kumi na mbili asubuhi, bustanini kwa Winifred, maana mtego wake una taa kubwa kuliko wote. Yeye atatoa kinondo mmoja mmoja. Mimi nitatafuta kwa Kasisi, Winifred kwa kitabu kipya. Atakayetaja sahihi kwanza anapata alama.

Nilikubali upesi mno. Hedley akanitazama.

Njiani kurudi mpango ukanijia, mzima mzima, kama yai.

Ijumaa, 6 Juni

Nimemwandikia Lionel Garrod. Tulifanya kazi pamoja kwenye bodi. Siku hizi anakaa kusini, kwenye vilima vya chokaa. Nimemwomba vinondo wanane walio hai, wale ambao Kasisi amewachora vizuri na kitabu kipya kimewapiga picha vibaya. Nimemwekea orodha. Nimeipanga siku nzima, vitabu vyote viwili mezani, picha kwa picha. Kazi safi. Sijawahi kusoma kwa bidii hivi tangu mtihani wa upimaji ardhi.

Nitawatia mtegoni kwa Winifred kabla Hedley hajafika.

Lionel nilimweleza kuwa ni kwa ajili ya utafiti.

Alhamisi, 12 Juni

Posta imeleta! Vichupa vinane, kila kimoja na kipande cha karatasi laini na jani bichi. Wote hai. Mzuri kuliko wote ni pembe-refu wa shaba: mbawa zinang'aa kama sinia jipya, vipapasio virefu mara tatu ya mwili. Kasisi amemchora ukurasa mzima. Kitabu kipya kimempiga picha kivulini, anaonekana kama punje ya chai.

Nimewaweka kwenye friji, kati ya siagi na jemu ya machungwa. Baridi huwalaza bila kuwadhuru. Kila mtu chamani hufanya hivyo. Doreen alikuwa akinitaka tu nisiweke karibu na samaki.

Lionel ameandika kikaratasi. Anasema wengine hupatikana popote, ila pembe-refu ni wa vilimani, anaishi kwenye maua ya udongo wa chokaa, huko kwenu kwenye mabwawa sijui. Neno la adabu tu. Nimekitupa.

Jumamosi, 14 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Nilifika saa kumi na moja na nusu, koti zito, vichupa mifukoni. Winifred alishangaa. Akasema Nas, hata jogoo wangu hajaamka, umeota nini? Nikamwambia nimekuja kumsaidia chai. Akaingia jikoni. Nikafungua mtego, nikawapanga wageni wangu ndani, kwenye ya chini kabisa kati ya zile trei tupu za mayai ambamo nondo hujificha. Walikuwa baridi, wametulia kama mbegu. Dakika nne.

Hedley akaja na kiti cha kukunja na daftari.

Trei za juu zilikuwa janga. Kinondo wa kwanza ametua kama kijiti cha nyasi. Kwa Kasisi hakuna vijiti vya nyasi, kuna mbawa zilizotandazwa. Lazima ujifikirie huyu kijiti akifunguliwa angekuwaje, kisha utafute katika juzuu nne. Upepo ukafunua kurasa. Juzuu ya pili ikaanguka kwenye bakuli la maji la paka. Winifred akawa anataja majina huku anatafuna mkate. Sita kwa moja. Akasema Kasisi wako yuko kwenye mahubiri, mngoje amalize.

Kisha trei ya chini.

Wa kwanza nilimtaja Hedley alipoinua kichupa. Wa pili vile vile. Wa tatu nilimtaja kabla Hedley hajainama, na hilo lilikuwa kosa, nakubali. Winifred akasema leo Nas umeamka na macho ya mwewe, unawaona hata kabla hawajatolewa. Nikasema mazoezi. Sita kwa sita. Saba kwa sita, mimi mbele!

Ndipo akatoka pembe-refu wa shaba.

Nilifungua juzuu ya kwanza mahali penyewe, nikaweka kidole, nikataja. Nane kwa sita. Hedley hakuandika. Alimwangalia kinondo. Akaangalia mchoro. Akaangalia ramani ya anakopatikana, iliyo chini ya mchoro. Akakaa juu ya chungu cha maua, na chungu kilikuwa na maua.

Akasema, kwa sauti ndogo, Winifred, huyu hajawahi kuonekana katika kaunti hii. Kamwe. Wa kwanza.

Winifred akaweka chini kikombe. Akauliza wa kwanza wa nani? Hedley akamjibu wa kwako, mama, bustani yako, mtego wako.

Ramani! Nilisoma kila picha katika vitabu viwili. Sikutazama ramani hata moja. Mimi!

Kwa kuwa jua lilikuwa limepanda, wageni wengine wakapata joto wakaruka wote kwa pamoja kupita juu ya ua. Pembe-refu alikuwa kwenye kichupa cha Hedley, kizibo kimefungwa.

Winifred alilia kidogo. Kisha akakata keki.

Jumapili, 15 Juni

Nimekaa ndani. Nimempa adui yangu nukta. Nimemletea kwa posta.

Faida moja: Winifred amegeuka. Amepiga simu kusema Kasisi ni mtu wa Mungu, na kura yake sasa ni ya Kasisi. Kura mbili kati ya tatu. Nukta yangu imesalimika, basi, ingawa kwa njia ya aibu.

Nimekula mayai mawili.

Jumanne, 17 Juni

Nimekula mayai mapema mno.

Waraka wa Hedley kwa wanachama wote. Anasema rekodi kubwa kama ya Bi Pask haiwezi kusimama juu ya mchoro, iwe wa Kasisi au wa malaika. Atampasua. Na ili isionekane Bi Pask ameonewa, kila rekodi ya kaunti inayosimama juu ya kinondo mmoja tu itapita mezani pake. Ziko kumi na moja. Ameziorodhesha.

Mimi ni wa saba.

Jumatano, 18 Juni

Nimemwandikia Hedley kwamba kwa masikitiko makubwa kinondo wangu ameliwa na wadudu kabatini.

Jibu limerudi saa nane. Anasema pole, ila Bi Pask anakumbuka alionyeshwa kinondo huyo mzima wakati wa Krismasi, na wakati wa Pasaka, na siku alipokuja kuazima ngazi. Atapita Ijumaa kumchukua.

Alhamisi, 19 Juni

Mpango wa mwisho. Niliufikiria kwa makini.

Sehemu za siri za kinondo ziko mwisho wa tumbo. Tumbo likikatika likapotea, na matumbo ya vinondo wakavu hukatika kila siku, hakuna cha kupasua. Rekodi inabaki hewani: haijathibitishwa, haijakanushwa. Ningeweza kuishi hewani.

Nilitoa droo. Pini, kinondo, kilebo chini yake kwa mwandiko wangu wa kiramani: *14.7.1998, kwenye shuka, ameonwa na D.* Nilikuwa nimesahau kwamba niliandika ile D.

Kisha nikachukua kibano. Nikashika pumzi. Pua ikaniwasha. Nikapiga chafya, kibano kikakata.

Nimekata tumbo la jirani yake. Kinondo wa mtofaa, wa kawaida, hana kosa, yumo kwenye droo ile tangu 1987. Chafya yenyewe imepeperusha wengine watano kwenye zulia. Wangu amesimama pale pale, mzima, tumbo lake kamili, kama aliyekuja kupiga picha ya pasipoti.

Sikuweza kujaribu tena. Ilikuwa ile D.

Ijumaa, 20 Juni

Hedley amekuja na kijisanduku chenye pamba. Alimwinua kwa pini kama mtu anayebeba mtoto wa wenyewe. Akaniambia Bwana Khelef, nitamshughulikia mwenyewe, tena asubuhi, mkono ukiwa mtulivu. Nikasema asante. Nikamwuliza kama anataka chai. Hakutaka. Yeye na mimi tulikiangalia kijisanduku mpaka mlangoni.

Zulia limekuwa na kinondo mmoja zaidi ya niliowahesabu. Sijui wa wapi.

Jumatano, 25 Juni

Barua. Mistari mitatu. Pembe-refu wa Bi Pask amethibitishwa bila shaka. Wa kwangu ni yule mwenzake wa kawaida, anayepatikana kila mtaro kuanzia hapa hadi baharini. Nukta itaondolewa. Amenirudishia kinondo, tumbo lake likiwa kwenye kioo kidogo, limepakwa rangi nyekundu.

Amebandika vizuri. Sina la kusema juu ya ubandikaji.

Miaka ishirini na saba Doreen na mimi tulikuwa na kinondo wa kila mtu.

Jumamosi, 28 Juni

Kikao cha kupiga kura, ukumbi wa kijiji. Watu wanne wamekuja kutazama, mmoja kwa sababu ya mvua.

Winifred akapiga kura kwa Kasisi, aliyemtambulishia kinondo wake. Hedley akakipigia kitabu kipya, kwa hoja kwamba Kasisi ndiye aliyempoteza Bwana Khelef mwaka 1998, na kisu kingemwokoa. Kila mtu akanigeukia kwa huruma. Sipendi huruma. Kura ya kuamua ikawa yangu.

Sina nukta tena ya kulinda. Ningeweza kuchagua kwa haki, kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Nikamwangalia Winifred. Alikuwa amevaa broshi ya shaba yenye umbo la kinondo. Mpya.

Nikakipigia kitabu kipya.

Basi kimeshinda, na niliyekishindisha ni mimi, niliyekipiga vita mwezi mzima. Hedley akanishika mkono akasema ni nadra kuona mtu akiiweka elimu mbele ya nafsi yake. Wale wanne wakapiga makofi. Nikainama kidogo.

Jumapili, 29 Juni

Winifred amekuja kwa miguu na sahani ya keki imefunikwa kitambaa. Hakukaa. Akasema Nas, baba, kinondo yule alikuwa baridi kama kijiko cha aiskrimu.

Nikapokea sahani.

Akasema na tena pembe-refu huruka mchana juani. Taa haimwiti. Mimi nimewinda nondo tangu mfalme yule aliyekuwa na kigugumizi, ulidhani sijui? Nilijua kabla keki haijakatwa. Ila nilitaka kukaa nayo kidogo. Siku kumi na tano nimekuwa na nukta. Tamu, wallahi, kama unavyosema wewe.

Nikamwuliza atafanyaje.

Ameshafanya. Jana usiku amemwandikia Hedley kwamba amekumbuka alinunua miche ya maua ya zambarau kutoka kusini, na bila shaka kinondo alisafiri nayo. Haikuwa kweli hata nusu. Nukta itaondolewa. Jina langu halimo popote katika barua. Broshi nayo ameirudisha dukani.

Akasema nukta ya uongo ni kama meno ya bandia ya mtu mwingine: unaweza kuyavaa, ila hutafuni. Akasema pia alimpenda Doreen. Kama kinondo wa fedha yuko kaunti hii, yuko kwenye matete ya mtaro ulio nyuma ya bustani yangu, maana pale ndipo pa kumtafuta. Kwa hiyo kila Jumatano hadi Agosti ataleta mtego wake na kiti chake, na tutamtafuta yule wa kweli, hata ikituchukua miaka kumi. Nikamkumbusha ana themanini na moja. Akasema basi tuanze Jumatano hii.

Nilimwambia kwamba nimejifunza. Nilimaanisha. Machozi yalinilenga. Keki ilikuwa ya limau.

Jumanne, 1 Julai

Asubuhi nzuri, upepo wa magharibi. Nimesafisha ukingo wa mtaro kwa ajili ya kiti cha Winifred.

Nimewaza. Mama wa watu, umri ule, akae kwenye umande kila wiki kumngojea kinondo ambaye pengine hayupo? Huo si uungwana. Mtu mwenye moyo angemsaidia.

Nimesoma. Kiwavi wa kinondo wa fedha huishi ndani ya shina la tete. Shina halina ubaridi wa kushukiwa. Shina haliruki juu ya ua. Unalichomeka matopeni kati ya mengine elfu, na Julai ikifika katikati anatoka mwenyewe, hai, mwenye tumbo la kupasulika kihalali. Safari hii nimetazama ramani kwanza. Kwa Lionel, kwenye matete ya mto ulio chini ya vilima, wako wengi.

Barua nimeitia posta saa tano. *Mashina sita, bwana Lionel, marefu kama mkono, yafungwe kwenye gazeti lenye unyevu, yafike kabla ya Jumatano ya wiki ijayo. Ni kwa ajili ya utafiti.*